Chozi kwenye kila kona: kisa cha kumkumbuka mchoraji kijana wa mtaa wetu

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa majina yote, ya watu, ya mtaa, ya shule na ya hospitali, na nimebadili mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Familia imesomewa maandishi haya na imeridhia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu alikuwa akitumia darasa langu kila Jumamosi asubuhi kuwafundisha watoto kuchora, na ndiyo sababu niliitwa ndani tangu siku ya pili ya msiba.

Namwandikia yule ambaye siku moja atashikwa mkono na mama aliyefiwa na kuulizwa, "Mwalimu, tufanyeje ili mwanangu asisahaulike?" Mimi nilijibu harakaharaka, na baadhi ya majibu yangu yalileta hasara ambayo haikurudi.

Usuli

Alikuwa na miaka 26, hajaoa, anaishi kwa mama yake pamoja na kaka mkubwa na mdogo wao wa kike. Baba alishafariki zamani.

Alizaliwa na selimundu. Ni ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje mfano wa mundu, zikazibana kwenye mishipa midogo, na mgonjwa akapata maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Tanzania imo katika nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huu duniani. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mwenye ugonjwa, hata kama wao wenyewe hawajawahi kuumwa. Wazazi wake hawakujua lolote mpaka mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka.

Baada ya kidato cha nne aliingia kwa mchoraji mmoja mzee wa vibao, akasafisha brashi na kupiga msasa mbao kwa mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuandika herufi. Alipofika miaka 19 alikuwa na kazi zake mwenyewe: vibao vya saluni, makabati ya chipsi, viti vya nyuma vya bajaji, majina ya ngalawa. Wavuvi vijana waliokuwa wanaanza maisha hakuwatoza. Alisema chombo kisicho na jina hakimjui mwenyewe. Usiku, maumivu yakimkosesha usingizi, alichora kazi zake binafsi kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi zilizobaki makoponi. Alipenda kuwakumbusha watoto kwamba mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye alianza Dar es Salaam kwa vipande vya ubao na rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kupaka baiskeli.

Katika kila kazi alificha ndege mmoja mdogo, chozi, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda anayefyonza maua. Mara yuko ndani ya herufi O, mara kwenye kivuli cha chungu, mara ni doa la kijani unalolipita mara tatu kabla ya kuliona. Watoto walikuwa wakisimama mbele ya kibao kipya na kushindana nani atamwona kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake.

Ukarimu wake ulikuwa wa vitendo vidogo ambavyo hakuna aliyevijumlisha wakati yu hai. Tulivijumlisha baada ya kifo, na kujumlisha huko kumekuwa sehemu kubwa ya kisa hiki.

Msiba

Ilikuwa Julai, kipupwe, upepo wa kusi unavuma usiku kucha. Alikuwa na homa tangu Jumanne, lakini alikuwa na kibao cha duka ambacho mteja alikuwa anafungua Ijumaa, naye hakutaka kumwangusha. Alimaliza Alhamisi saa nne usiku. Alfajiri kifua kilimbana. Alilazwa, akaongezwa damu na oksijeni, na Jumamosi jioni akafariki. Kifua ni hatari kubwa kwa wenye selimundu. Maambukizi kidogo ya mapafu yanaweza kugeuka dharura ndani ya saa chache. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wengi wetu tulijua maumivu ya mifupa tu, tukadhani homa ile ni ya kawaida.

Alizikwa Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Kama ilivyo desturi, mjomba wake alisimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye kudaiwa naye ajitokeze. Hapo ndipo mambo ya kweli yalipoanza.

Walijitokeza wateja watano waliokuwa wametoa kianzio kwa kazi ambazo hazijaanza au ziko nusu. Upande wa pili tulikuta daftari lake la madeni chini ya godoro. Majina 34 ya watu waliochukua kazi bila kumaliza kulipa. Mbele ya majina 11 alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu ya rangi nyekundu: *yameisha*. Kaka yake alidhani maana yake ni kwamba wamelipa. Tulipokwenda kwa wa kwanza, mama mmoja muuza maandazi, alituambia hajalipa hata shilingi. Mwanawe alilazwa, kijana akaja kumjulia hali, na tangu hapo hakumuuliza tena. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Hatukuendelea na waliobaki, tukajua neno lile lina maana gani.

Simu

Siku ya sita, kaka mkubwa aliichukua simu ya marehemu akaipeleka kwa fundi. Ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri na hakuna aliyeijua. Binamu yao alikuwa anaanza chuo bila simu, na kaka aliona ni vyema kitu cha marehemu kimsaidie mtu, kwani ndivyo marehemu mwenyewe angefanya. Fundi aliiflashi kwa shilingi 15,000. Ikafunguka, tupu.

Siku ya nane rafiki yake wa karibu alikuja kuniuliza simu iko wapi. Kijana yule alikuwa mshirika wake wa kazi, ndiye aliyembeba mgongoni alfajiri ile kumpeleka kwenye bajaji. Alitaka picha. Marehemu alikuwa na tabia ya kupiga picha kila kazi aliyomaliza, kila rasimu, na kurekodi sauti yake usiku akieleza anachotaka kuchora kesho. Miaka minne ya mambo hayo ilikuwa ndani ya simu ile, na hakuwahi kuyahifadhi mahali pengine. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye ngazi za darasa, akatoa simu yake na kuanza kupekua ujumbe wa zamani aliotumiwa na marehemu. Alipata picha 27 na sauti moja ya sekunde 40, ambayo ndani yake marehemu anamwambia aje na tina ya kuchanganyia rangi.

Simlaumu kaka. Mimi nilikuwa nyumbani pale tangu siku ya pili, nimekaa mkekani, naandika majina ya watoa rambirambi. Ningeweza kusema neno moja: simu iwekwe. Sikuliwaza.

Ukuta wa chumba

Hili ndilo gumu kuliko yote, na nitalieleza kwa kirefu.

Chumba chake kilikuwa na ukuta mmoja uliojaa michoro kutoka sakafuni hadi kwenye dari: samaki, ngalawa, sura za watu wa mtaa, bibi kizee wa kona ya juu akichambua mchele, na ndege wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Aliuchora kwa miaka saba, hasa katika siku za maumivu.

Wiki ya tatu mama aliniita. Alikuwa amesikia mawaidha kwamba wachoraji wa picha za viumbe wataambiwa siku ya Kiyama wazitie roho. Hakuwa amelala vizuri tangu hapo. Alisema, "Mwalimu, hawa ndege naomba wafutwe kabla ya arobaini. Mwanangu nimemzaa na maumivu, ameishi na maumivu. Sitaki akayakute na huko."

Wanazuoni wametofautiana juu ya upana wa hukumu ile, na si kazi yangu kuiamua. Rafiki wa marehemu aliposikia alilia kwa sauti, akasema ukifuta ukuta ule umemzika mara ya pili. Kaka alikuwa upande wa rafiki. Mjomba alikuwa upande wa mama. Kulikuwa na jioni mbili za maneno makali, na mtu mmoja wa mtaani akaanza kusema wamtafute mnunuzi auvunje ukuta aubebe, jambo lililomkasirisha kila mtu kwa pamoja.

Tulikwenda kwa shehe wa msikiti wa mtaa, ambaye alimjua kijana tangu anasoma chuo cha Kurani. Hakutoa hukumu ya ukuta. Alimwambia mama hadithi aliyoijua vizuri, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kisha akamwuliza, "Wewe unajua mwanao ameacha nini katika hizo?" Mama akasema hana mtoto. Shehe akasema, "Sikuuliza hilo peke yake."

Uamuzi tulioufikia ulikuwa huu: nyumba ni ya mama, na moyo unaoungua ni wa mama, basi ukuta utapakwa. Lakini kabla ya kupakwa utapigwa picha wote, kipande kwa kipande, na picha zitakaa kwangu shuleni mpaka mama mwenyewe aseme vinginevyo. Mama aliafiki. Tulitumia alasiri moja nzima kwa simu ya jirani yenye kamera nzuri. Mdogo wake wa kike alishika rula ya shule pembeni ya kila kipande ili ukubwa ujulikane, na mimi niliandika namba. Picha 212. Tulizihifadhi kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe, kwa kuwa kisa cha simu kilikuwa bado kinatuuma.

Mama alikataa kumwachia fundi. Alichanganya chokaa mwenyewe kwenye ndoo, akaanza mlangoni, akipaka polepole kutoka chini kwenda juu kana kwamba anamwogesha mtu. Alifika kwenye maua na herufi za dua alizoandika mwanawe juu ya kitanda, akaziruka. Zipo mpaka leo, zimezungukwa na weupe.

Kamati, fulana na pesa

Wakati hayo yakiendelea, vijana wa maskani walikuwa wameunda kamati. Nia yao ilikuwa safi na nguvu zao zilikuwa nyingi. Walichanga shilingi 1,860,000 wakasema watafungua kituo cha sanaa kwa jina lake. Nilikubali kuwa mlezi.

Kitu cha kwanza walichokifanya ni fulana 60 zenye picha yake kifuani, kila moja shilingi 12,000, jumla 720,000. Zilizolipiwa ni 38. Pengo la shilingi 264,000 lilifidiwa na mfuko wa kituo. Zaidi ya hapo, wazee kadhaa hawakufurahi kuona sura ya marehemu ikitembea mtaani kabla ya arobaini, na mama alizificha zile mbili alizopewa.

Kituo chenyewe kilihitaji jengo, usajili, katiba, viongozi, akaunti ya benki. Tulikaa vikao saba. Katika kikao cha tano tulijadili nembo kwa saa mbili. Katika kikao cha saba vijana wawili waligombana kuhusu nani alikuwa karibu zaidi na marehemu, na baada ya hapo hapakuwa na kikao cha nane.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

Madeni kwanza. Mjomba alisisitiza, na alikuwa sahihi, kwamba hakuna kumbukumbu yenye heshima huku watu wanamdai aliyelala. Wateja watatu kati ya watano walikubali rafiki yake amalizie kazi zao. Wawili walirudishiwa vianzio kutoka kwenye rambirambi. Rafiki alipomaliza vile vibao vitatu alituuliza kama aweke chozi. Tulisema hapana, na hapo ndipo tulipolazimika kuamua jambo ambalo hatukulitarajia.

Mfanyabiashara mmoja alitaka kununua michoro ya watoto wa Jumamosi kwa bei nzuri, kwa sharti kwamba iwekwe chozi na kuuzwa kama kazi za marehemu. Pesa zile zingefufua mfuko. Tulikataa kwa kauli moja. Chozi linabaki kwenye kazi alizozishika yeye. Niliwaambia watoto habari za Tingatinga, aliyeuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi na jamaa zake waliendelea na mtindo ule, wakaanzisha ushirika, na hadi leo mtindo unaitwa kwa jina lake huku kila mchoraji akitia jina lake mwenyewe pembeni. Mtoto mmoja wa darasa la tano akauliza, "Kwa hiyo mimi nichore mnyama gani?" Akachagua kaa. Sasa kila mmoja ana wake.

La pili lilihusu haki. Miezi mitatu baada ya kifo, samaki wake, mchoro aliomuuzia mtu binafsi, alionekana amechapishwa kwenye mifuko ya kubebea bidhaa inayouzwa mjini. Mnunuzi aliamini kwamba amenunua ubao, basi na picha ni yake aitumie atakavyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuuza ubao peke yake si kuuza haki ya kuichapisha picha. Ila familia haikuwa na mtu wa kusimama. Ndipo tukapeleka muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo mahakama ya mwanzo, kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi. Wengi hudhani mirathi ni ya mwenye nyumba na shamba. Kijana huyu aliacha brashi tisa, baiskeli, makopo ya rangi na michoro, na bila barua ile ya mahakama hata salio lake kwenye akaunti ya simu lisingetoka. Baada ya barua, mazungumzo na mwenye mifuko yalikuwa mafupi: alilipa kiasi walichokubaliana, akaongeza jina la mchoraji kwenye mifuko iliyobaki.

La tatu, tuliigawa kumbukumbu sehemu mbili. Hitma ya arobaini ilifanyika nyumbani, ya dua na chakula tu, bila picha wala vipaza sauti. Maonyesho ya kazi zake yalisubiri likizo ya Desemba, shuleni. Hatukutaka yeyote achague kati ya imani yake na mapenzi yake kwa marehemu.

Maonyesho

Kwa kuwa simu ilikuwa imekwenda, tuliwaomba watu wote wenye kazi yake waipige picha na kuituma, au waje nayo. Tuliwapa namna ya kuitambua: mtafute chozi. Sikutarajia kilichofuata. Watu walianza kukagua vitu ambavyo wamekuwa wakiviona kila siku. Mwenye duka la vipuri aligundua kwamba kibao chake cha miaka mitano kina ndege ndani ya tairi. Wavuvi waliburuta ngalawa mbili mpaka nje ya geti la shule. Dereva mmoja alileta kiti cha bajaji iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Alikuwa amekitunza hajui kwa nini. Tulikusanya kazi 143, ama zenyewe au picha zake.

Saa nane mchana alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka saba. Hakuwa na ubao wala picha. Alifungua mkoba akatoa daftari la kliniki, lile la kurasa 48 ambalo mgonjwa huenda nalo hospitali, na kwenye jalada lake kulikuwa na chozi wa kalamu ya bluu. Alisema kwenye kliniki ya selimundu yule kaka alikuwa akikaa benchi moja na watoto na kumchorea kila mmoja ndege kwenye daftari lake, na mtoto asiyetaka kuchomwa sindano aliambiwa amwangalie ndege mpaka mwisho. "Madaftari ya pale nyingi yana ndege huyu," alisema. Nyumbani kwa marehemu hakuna aliyekuwa anajua. Alikuwa akirudi kutoka kliniki anasema ametoka kliniki, basi.

Mama wa marehemu alilishika daftari lile kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Wiki moja baadaye aliniomba picha moja kati ya zile 212, akachagua ya bibi anayechambua mchele. Hakuitundika. Ameiweka sandukuni pamoja na vyeti vya shule vya mwanawe.

Matokeo baada ya miaka miwili

Kituo cha sanaa hakipo. Shilingi zilizobaki zilinunua karatasi, penseli na rangi za darasa la Jumamosi, ambalo halijakosa wiki nyingi tangu Oktoba ya mwaka ule. Linaongozwa na wasichana wawili wa sekondari waliokuwa wanafunzi wake. Brashi tisa zinatumika.

Kila Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, maskani huenda kuchangia damu. Wazo lilitoka kwa muuza chipsi mmoja aliyesema kwamba marehemu aliongezewa damu mara nyingi na hatujui ni za nani, basi turudishe. Mwaka wa kwanza walikwenda 23, wakakubaliwa 16. Wengine walikuwa na uzito chini ya kilo 50 au wingi wa damu haukutosha. Baadhi yao sasa wanakwenda bila kungoja Juni, kwani mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne.

Kaka na dada walipima. Kaka amebeba kinasaba, dada hana. Kaka alimwomba mchumba wake naye apime kabla ya posa, wakapima.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuanza na madeni. Kulitupa sababu ya kuwaendea watu mmoja mmoja, na kwa kuwaendea ndipo tulipomjua marehemu kuliko tulivyomjua akiwa hai. Ningekuwa naanza upya, ningepeleka kijana mmoja mwenye daftari tangu wiki ya kwanza kuuliza kila mteja swali moja tu: alikufanyia nini? Sisi tulifika huko kwa bahati.

Picha za ukuta nazo zilifaa, na naamini zilifaa kwa sababu tulimwacha mama awe na uamuzi wake. Tungemshinda kwa wingi wa kura, ukuta ungebaki na mama angehama chumba kile moyoni. Nilijifunza pale kwamba kuhifadhi na kuonyesha ni mambo mawili, na ya kwanza mara nyingi inaweza kufanyika bila kumuumiza yeyote.

Lililoshindikana wazi ni simu. Katika siku saba za mwanzo, vitu vya msanii aliyefariki vinatakiwa visiguswe: simu, kompyuta, laini, madaftari, hata mbao za nusu kazi zilizoegemezwa uani. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu na atangazwe mbele ya familia. Laini isiachwe ikae bila kutumika, kwa maana hatimaye hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Na walio hai nao wana la kufanya. Nimewaomba vijana wangu wote wa Jumamosi wamwachie mtu mmoja wanayemwamini namba ya siri.

Kituo kilishindikana kwa sababu tulijaribu kuugeuza wema wa mtu mmoja kuwa ofisi. Yeye hakuwa na katiba. Alikuwa na Jumamosi, darasa la kuazima na brashi. Tulipovirudia hivyo vitatu, jambo likasimama lenyewe. Fulana zilikuwa kosa la haraka, na hilo nalibeba mimi kama mlezi, maana nilisaini fomu ya oda bila kumuuliza mama.

Lakini kosa linalonisumbua zaidi halikuonekana kwenye hesabu yoyote. Rafiki yake wa karibu ndiye aliyemaliza vile vibao vitatu, akakusanya picha, akawa katibu wa kamati, akapanga maonyesho, akasimama getini kupokea wageni. Kila tulipohitaji mtu tulimwita yeye, kwa kuwa ndiye aliyemjua marehemu kuliko wote. Maana yake ni kwamba tulimtwika mzigo mzima yule aliyekuwa ameumia kuliko wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza analala vipi. Siku mbili baada ya maonyesho alifunga kibanda. Alikaa miezi mitano bila kushika brashi. Baadaye aliniambia kwamba kila usiku alikuwa akijiuliza kama angemlazimisha kwenda hospitali ile Jumatano ingekuwaje. Alikuwa amelibeba swali hilo peke yake katikati ya watu themanini waliokuwa wakimsifu kwa kazi nzuri.

Ikiwa familia nyingine itaniita leo, kitu cha kwanza nitakachouliza ni nani alikuwa naye mwishoni, na nani anakaa na huyo.

Rafiki yule amerudi kazini tangu mwaka jana. Ukuta wa shule unaotazama bahari, kazi kubwa ya mwisho ya marehemu, umeanza kubanduka kwa chumvi. Wasichana wa Jumamosi wanataka kuupaka upya. Yeye amekuja mara mbili kuukagua, amepima kwa kamba, amekwangua rangi kwa ukucha kuona tabaka la chini. Wamekubaliana watafuata mistari ileile, na kila mtoto ataweka mnyama wake mahali palipobanduka kabisa. Kazi itaanza Januari mvua za vuli zikikatika. Chozi wa kona ya kushoto bado yuko mzima. Wamemfunika kwa kipande cha nailoni ili rangi isimfikie.